Kuitafuta Kaya ya Katikati

Muulize mkulima wa Mbingu au Mngeta, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi, utakuwa umemuuliza swali lisilokuwa na jibu. Hafichi kitu. Mwezi kwake haulipi. Kinacholipa ni msimu. Mpunga unaingia ndani kati ya Mei na Julai, na tangu hapo unatoka kidogo kidogo: debe la ada ya shule, gunia la deni, kisado cha mgeni, mwingine wa kupeleka msibani. Juu ya mpunga kuna ndizi za nyuma ya nyumba, kuku, vibarua vya palizi kwenye shamba la jirani mwezi Februari, na pesa iliyotumwa kwa simu na binti aliyeko Dar es Salaam. Vitu vyote hivi havijawahi kukutana mahali pamoja vikahesabiwa, isipokuwa siku mdadisi alipobisha hodi.

Wadadisi ndilo jina lao. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapoendesha Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, hao ndio wanaokwenda na madodoso, zamani ya karatasi na siku hizi ya kishikwambi. Bonde la Kilombero lina wengine wa aina yake, waliolelewa na Taasisi ya Afya Ifakara, ambao kwa zaidi ya robo karne wamekuwa wakizirudia kaya zile zile. Nimesoma ripoti za pande zote mbili kwa miaka, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuiheshimu kazi yao. Namba moja tu inayotuambia kaya ya kawaida ya mkoa wa Morogoro inaishi kwa kiasi gani, na kama hali yake imepanda au imeshuka tangu miaka kumi iliyopita, ina jasho ambalo msomaji wa gazeti halioni.

Kwanza, kaya ya kawaida ni ipi? Chukua mfano wa nyumba saba za mtaa mmoja wa Ifakara mjini. Sita kati yake zinatumia kwa mwezi shilingi 140,000, 180,000, 210,000, 240,000, 300,000 na 380,000. Ya saba ni ya mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anayetumia 2,450,000. Jumlisha ugawe kwa saba, utapata wastani wa shilingi 557,000 hivi, kiasi ambacho hakuna hata nyumba moja kati ya zile sita inayokikaribia. Sasa zipange kuanzia ya chini hadi ya juu, uhesabu mpaka ya nne, iliyo katikati kabisa: 240,000. Hiyo ndiyo mediani. Tajiri wetu akinunua mashine ya pili na matumizi yake yakafika 4,200,000, wastani unaruka hadi 807,000, na mtangazaji anaweza kusema mtaa umeneemeka. Kaya ya katikati iko pale pale kwenye 240,000. Mimi naamini namba hii ndiyo inayostahili kutangazwa kwanza, kwa sababu nusu ya kaya ziko chini yake na nusu ziko juu yake, na hakuna tajiri mmoja anayeweza kuwasemea majirani zake.

Lakini ili uzipange kaya kwa mstari huo, lazima kila moja uwe umeipima vizuri. Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Mdadisi anafika kwenye nyumba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Katika utafiti wa 2017/18 yalichaguliwa maeneo 796 ya kuhesabia watu Tanzania Bara, na katika kila eneo kaya 12, jumla 9,552. Ukigawa kwa mikoa 26 unapata kaya 367 hivi kwa mkoa, ingawa mgawo wenyewe hauko sawa kwa mkoa na mkoa. Kaya hizo chache zinausemea mkoa mzima. Kwa hiyo akikuta mlango umefungwa haendi nyumba ya pili yenye watu barazani. Anarudi jioni, anarudi kesho. Kaya ambayo haipo mchana mara nyingi ndiyo iliyo shambani kibaruani, na ukiibadilisha na ile uliyoikuta umekaa kivulini, umeshaipandisha namba kabla hujauliza swali lolote.

Kisha lazima ajue kaya yenyewe inaishia wapi. Bibi analala nyumba ya uani lakini anakula kwa mwanawe. Mpwa anasoma sekondari na kulala bweni. Mzee ana wake wawili, kila mmoja na jiko lake. Kanuni inasema kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, ila kuitumia kanuni hiyo mbele ya watu halisi kunataka kuuliza taratibu nani amekula hapa jana, na nani atakula hapa kesho.

Halafu yanakuja mazungumzo yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Tuseme ni kijana mbele ya mama wa makamo, mwezi wa Agosti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Vuta kiti.”

“Mwaka huu mpunga umewaendeaje?”

“Mwaka huu hatukupata kitu.”

Mdadisi mchanga ataandika sifuri. Aliyeiva habishi wala haandiki chochote. Anauliza, “Huu wa chakula mmeuweka kiasi gani, mama?” Magunia manne. “Na wa mbegu?” Madebe mawili. “Shamba ni lenu au mmekodi?” Wamekodi, na kodi wamelipa kwa mpunga, magunia mawili. “Waliovuna je?” Gunia moja. “Kuna mtu aliwakopesha wakati wa kilimo?” Yupo, alikuja na gari wakati wa kupiga mpunga akachukua lake, gunia moja. Sasa kuna magunia manane na madebe mawili mezani. Mama hakusema uongo hata kidogo. Kwake yeye kupata kitu ni kuwa na mpunga wa kuuza, na haukubaki wa kuuza.

Kazi bado haijaisha. Mbegu inarudi ardhini, si pato. Kodi na ujira wa wavunaji ni gharama. Gunia la mkopeshaji ni deni lililolipwa. Yale manne ya chakula ndiyo yanayoonyesha maisha ya kaya hii, ingawa hakuna shilingi iliyopita mkononi. Yatathaminiwa kwa bei gani? Juni, wakati kila ua una turubai la mpunga, bei iko chini. Februari, wakati maghala yamebaki mavumbi, gunia lile lile ni mali. Ndiyo sababu wataalamu wa takwimu katika nchi kama yetu huegemea zaidi kwenye matumizi kuliko mapato. Mapato yanakuja kwa kishindo mara moja, matumizi yanajigawa katika siku za mwaka, na chakula cha shambani kinaweza kuthaminiwa siku kinapoliwa. Angus Deaton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2015, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha namna ya kusoma ustawi wa watu kupitia matumizi ya kaya.

Vipimo navyo vina mitego yake. Gunia ni gunia gani? Lipo la kipimo, na lipo la lumbesa lililoshonewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka nenda rudi. Debe la mpunga mkavu si sawa na debe la mpunga uliovunwa jana. Na sokoni kuna fungu. Fungu la nyanya la shilingi 500 lina siri ambayo mdadisi mwenye mizani peke yake anaiona: nyanya zikiadimika, muuzaji mara nyingi habadilishi bei, anapunguza nyanya. Mwezi huu sita, mwezi ujao nne, bei bado 500. Anayeandika pesa bila kupima uzito atasema bei ya nyanya Ifakara haijabadilika. Aliyepima atajua imepanda kwa nusu. Napenda sana kipande hiki cha kazi, kwa sababu ni kidogo, hakina sifa, na bila hicho hesabu yote ya mfumuko wa bei inakaa upande.

Msimu ndio unaoeleza kwa nini utafiti mzima hauwezi kufanywa kwa mwezi mmoja. Ule wa 2017/18 ulianza Desemba 2017 ukaisha Novemba 2018, mwaka kamili. Ungekuja Kilombero mwezi wa Juni tu, ungeandika kwamba bonde lina shibe, harusi kila Jumamosi, mabati mapya yanang'aa. Ungekuja Februari tu, wakati mvua zimefunga njia na watu wanakula kwa kukopa, ungeandika njaa. Zote mbili ni kweli, na ndiyo maana kaya zinagawanywa katika miezi yote kumi na miwili.

Msimu huwahamisha watu pia. Wengi katika bonde, kilimo kikikolea, huhamia shambani kabisa. Wanajenga kibanda kando ya mashamba, wanalala huko wiki hadi miezi, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Nyumba ya kijijini inabaki na watoto wa shule na bibi yao. Dodoso linasema mkuu wa kaya ahojiwe. Mkuu wa kaya yuko ng'ambo ya mto. Basi atafuatwa huko huko, au atasubiriwa, kwa baiskeli au kwa miguu pale ambapo pikipiki haipiti.

Sasa tufike kwenye neno ambalo ndilo gumu kuliko yote: kulinganisha. Kupima mara moja ni kazi. Kupima tena baada ya miaka ili namba mbili zizungumze lugha moja ni kazi nyingine. Tanzania Bara imefanya utafiti huu mkubwa mwaka 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Kati ya duru ya 2011/12 na ya 2017/18, wastani wa matumizi ya kaya kwa mwezi ulitoka shilingi 258,751 hadi 416,927. Ni ongezeko la asilimia 61, na lingefaa kichwa cha habari, mpaka ukumbuke kwamba shilingi ya 2018 si ile ya 2012. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani gharama ya mtu mzima mmoja kujikimu kwa mwezi, ulitoka 36,482 hadi 49,320. Kujikimu kwenyewe kumepanda kwa asilimia 35. Ukilitoa hilo, ongezeko linabaki karibu asilimia 19. Ndivyo hesabu inavyovuliwa nguo moja baada ya nyingine hadi ubaki na mwili.

Kuna vazi jingine lisiloonekana haraka. Zamani kaya zilijaza daftari la matumizi kwa siku 28. Katika duru ya 2017/18 siku zikawa 14. Sababu ni ya busara. Mtu anaandika kwa bidii wiki ya kwanza, wiki ya nne amechoka, chumvi na kiberiti vinasahauliwa. Daftari fupi linakamata zaidi. Lakini likikamata zaidi, kaya itaonekana imetumia zaidi kuliko zamani hata kama imetumia kile kile. Kwamba tofauti za namna hii si ndogo, ilithibitishwa hapa hapa nchini: mwaka 2007 na 2008 Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na wenzao walizigawa kaya zipatazo 4,000 za Tanzania katika makundi manane kwa bahati nasibu, kila kundi likahojiwa kwa mtindo wake. Wengine walikumbuka siku saba zilizopita, wengine siku kumi na nne, wengine mwezi wa kawaida, wengine wakaandika madaftari, na baadhi kila mtu mzima na daftari lake chini ya usimamizi wa karibu. Watu ni wa aina moja, nchi ni ile ile, msimu ni ule ule. Ila kiwango cha umaskini kilichotoka kilitofautiana sana kati ya kundi na kundi. Kila ninaposikia mtu akisema kwa wepesi kwamba umaskini umepungua au umeongezeka kwa pointi mbili, namuuliza kwanza: waliulizwaje, mara zote mbili?

Na mipaka nayo haitulii. Wilaya ya Ulanga imezaa Malinyi, na mji wa Ifakara umepata halmashauri yake. Anayetaka kulinganisha “Kilombero” ya juzi na ya leo lazima kwanza achukue ramani, aangalie ni vijiji vipi vilikuwa ndani na vipi vimetoka. Utafiti wa kitaifa wenyewe hautoi namba ya wilaya moja moja. Kaya zake hazitoshi kwa hilo.

Hapo ndipo Ifakara ina bahati ambayo miji mingi ya Afrika haina. Mswisi Rudolf Geigy alifika hapa mwaka 1949, na mwaka 1957 maabara ndogo ya uwandani ikafunguliwa, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996, ili kujua kama kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu kungeokoa watoto, watafiti walianza kuziandikisha kaya zote za vijiji vya mradi katika Kilombero na Ulanga. Kuanzia 1997 wadadisi walizipitia kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani amehamia. Baadaye ikawa mara mbili kwa mwaka, na kuanzia 2007 Ifakara mjini nako kukaingizwa. Kufikia 2015 mfumo huo ulikuwa ukiwafuatilia watu wapatao 125,000 vijijini na 45,000 mjini.

Hawakuuliza mapato. Kumkalia kila mtu kwa saa tatu za dodoso la matumizi, mara tatu kwa mwaka, kungewachosha wote. Wakauliza vitu: paa ni bati au nyasi, kuna baiskeli, kuna redio? Hesabu inayofuata inatazama ni vitu gani huelekea kuambatana katika nyumba moja, kisha inakipa kila kitu uzito wake na kuzipanga kaya kwa mstari kutoka maskini zaidi hadi yenye nafuu zaidi. Deon Filmer na Lant Pritchett waliijengea njia hiyo hoja kwa takwimu za India, katika makala iliyochapishwa 2001, na ikaenea duniani. Haitoi shilingi, inatoa nafasi ya kaya katika mstari. Kwa kumtafuta aliye katikati, na aliye mkiani, nafasi inatosha.

Na ona ilichowezesha. Vyandarua vya mradi vilipewa jina Zuia Mbu. Mwaka 1997, kati ya kaya zenye nafuu zaidi asilimia 63 zilikuwa na chandarua. Kati ya zile maskini zaidi, asilimia 20. Mwaka 2000 zilikuwa asilimia 92 na 54. Wastani peke yake ungetuambia kwamba vyandarua vimeongezeka, basi. Kwa sababu kila kaya ilikuwa na nafasi yake kwenye mstari, tuliweza kuona kwamba pengo lilipungua, na pia kwamba karibu nusu ya walio mkiani bado walikuwa wanalala bila chandarua. Hayo mawili yanahitaji kusemwa kwa pamoja.

Mstari wa vitu una udhaifu wake, na wanaoujua zaidi ni wadadisi wenyewe. Mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni anaweza kuishi chini ya paa la nyasi na kumiliki ng'ombe mia. Fomu inamweka mkiani. Ukimuuliza ng'ombe wangapi, ana sababu ya kusita: bonde hili ni eneo la Ramsar tangu 2002, na mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Mtu aliyepita katika operesheni ile akimwona kijana na fomu akihesabu ng'ombe, hawezi kumjua kwa sura kwamba huyu ni wa takwimu tu. Hapo hakuna mbinu isipokuwa miaka. Mdadisi aliyekuja mwaka jana, na mwaka juzi, akaandika na hakuna baya lililofuata, ndiye anayeambiwa idadi ya kweli.

Muda nao unavibadilisha vitu vyenyewe. Baiskeli ya 1997 ilikuwa alama ya mtu aliyejiweza Namawala au Idete. Leo kijana wake ana bodaboda ya mkopo, baiskeli amemwachia mdogo wake. Redio imeingia ndani ya simu. Ukiendelea na orodha ya zamani peke yake, utawaona wote wametajirika au wote wamefilisika kwa sababu ya kifaa kilichopitwa na wakati. Ukiitupa yote, unapoteza uzi unaokuunganisha na 1997. Wajuzi wanayaacha maswali ya zamani yakae ubavuni mwa mapya, wanabadilisha uzito wake kwenye hesabu, na wanavumilia dodoso kurefuka. Sensa ya 2022 bado iliuliza redio na baiskeli, miaka 26 baada ya wadadisi wa kwanza wa Ifakara kuziandika kaya zao. Karani aliyefundishwa vizuri aliyasoma maswali hayo kama yalivyoandikwa, hata pale redio ilipokuwa ikilia juu ya kabati, kwa sababu jirani wa pili naye ataulizwa kwa maneno hayo hayo.